Siti binti Saad: Sauti Iliyoshinda Sura

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi na sikuwahi kuitilia shaka, mpaka niliposoma maisha ya mwanamke mmoja aliyejitembeza miaka mingi na vyungu kichwani. Alichekwa kwa sura yake na kwa asili yake, na hatimaye akawa mwanamke aliyejulikana mno katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Msomaji mpenzi, kabla sijakusimulia habari zake, niruhusu nikueleze nilivyomjua, maana yeye alifariki miaka mingi kabla hata mamangu hajazaliwa.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, kulikuwa na harusi mtaani kwetu Kiembeni. Sisi wasichana tuliombwa tumwimbie bi harusi usiku wa kupamba. Mimi ndiye niongozaye nyimbo, kwa sababu Mungu amenijaalia sauti. Tulifanya mazoezi wiki mbili uani kwa jirani, mpaka watoto wadogo nao wakazijua nyimbo zetu zote. Usiku wenyewe ulipofika, tumekwisha kujipanga, mama mmoja wa shughuli alinishika bega akanitoa mstari wa mbele, akanipeleka nyuma ya pazia karibu na spika. Alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza kuwa mvua itanyesha, kwamba mpiga video ameomba mbele wakae wale weupeweupe ili picha zisiingie giza. Mahali pangu akasimama msichana ambaye hata maneno ya wimbo hakuyajua vizuri. Basi mimi nikaimba nyuma ya pazia, yeye akachezesha midomo. Watu walipiga vigelegele, wakamtunza yeye.

Usiku ule sikulia. Lakini wiki iliyofuata nilichukua pesa zangu za nauli na za mandazi nikaenda kununua mkorogo, kikopo kidogo kisicho na jina. Nikawa najipaka usiku, kwanza shingoni na chini ya sikio, kama majaribio. Siku za mwanzo nilijitazama katika kioo nikaona kama kwamba panang'aa, nikafurahi. Wiki ya pili ngozi ikaanza kuwasha, kisha ikawa nyekundu, kisha ikachubuka. Nyanya yangu aligundua kwa sababu nilikuwa nikijifunga ushungi hata ndani ya nyumba, na joto letu la Mombasa mnalijua. Hakunipiga wala hakunifokea. Alinipeleka zahanati, na tuliporudi akanikalisha mkekani akaniuliza kama nimepata kumsikia Siti binti Saad. Nikamjibu kuwa namsikia kwa jina tu. Akaniambia kuwa babake alikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, na kwamba alipokuwa mtoto sauti ya mwanamke yule ilikuwa ikitoka kwenye santuri kila jioni, na hakuna aliyeuliza yule mama rangi yake ni gani.

Shule zilipofunguliwa nilimwomba mwalimu wetu wa Kiswahili kitabu kinachomhusu, naye akaniazima Wasifu wa Siti binti Saad kilichoandikwa na Shaaban Robert. Haya ninayoyasimulia nimeyapata humo, na mengine katika vitabu vya historia ya taarabu na kwa wazee.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Mtawala wakati huo alikuwa Sultani Barghash bin Said. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua, yaani jadi zao pande zote mbili zilitoka bara. Walikuwa watu maskini, watu wa jembe na wa ufinyanzi. Na mtoto wao hakuitwa Siti. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya kuondoa utumwa wenyewe ilikuja mwaka 1897. Kwa hiyo msichana huyu alikua mpaka umri wa miaka 17 hivi katika nchi ambamo jina lake lilikuwa pia hali ya maelfu ya watu, hali iliyokubaliwa na sheria. Kila aliyemwita alimkumbusha pahali pake.

Na pahali pa mtu palionekana hata kwa macho. Siku hizo mwanamke mtumwa au maskini wa shamba alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi ambacho hakina ua wala nakshi. Wanawake wa mjini wenye uwezo walivaa hariri na dhahabu. Baadaye zikaja leso, ambazo Waunguja huziita khanga, na buibui. Wanawake waliotoka utumwani walipopata senti zao wenyewe, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya ni kuitupa kaniki na kununua leso. Sidhani kama walifanya hivyo kwa upuuzi. Mtu aliyelazimishwa kuvaa alama ya udhalili ana haki ya kuivua.

Uzuri nao ulikuwa na vipimo vyake. Mwanamke mzuri alisifiwa kwa weupe, au angalau kwa rangi ya maji ya kunde. Alisifiwa kwa nywele za singa na pua ya upanga. Sifa hizi bado zinasemwa hata leo harusini kwetu, wala hatuoni ajabu. Lakini ukiitazama vizuri orodha hiyo utaona ni ya ukoo zaidi kuliko ya uzuri. Nywele za singa na pua ya upanga zilikuwa za watu wa majumba ya mawe na wenye mashamba ya karafuu. Yule aliyepalilia karafuu hakuwamo katika sifa hizo, hata angekuwa na sura ya malaika. Niliposoma hayo nilifahamu jambo ambalo kwenye kioo sikuliona. Neno uzuri lilikuwa limebeba neno jingine tumboni mwake, nalo ni nani bwana na nani mtumwa.

Basi binti Saad hakupelekwa shule, akajifunza kazi ya kwao. Kufinyanga chungu si jambo la mchezo. Udongo huchimbwa, ukatolewa mawe, ukalowekwa na kukandwa kwa mikono na miguu. Chungu hufinyangwa, huanikwa, kisha huchomwa moto, na kikipasuka kazi yote imekwenda bure. Baada ya hapo vyungu vilipaswa kufika mjini, na gari lililovifikisha lilikuwa kichwa chake. Alivibeba kutoka Fumba mpaka mjini akivinadi kwa kuimba. Sauti yake ilitangulia mbele, yeye akafuata nyuma, na watu majumbani wakajua kuwa muuza vyungu yuaja hata kabla hawajamwona. Hakika huyo alijitembeza. Na sauti yake ilikuwa imekwisha kuanza kujiuza bila yeye mwenyewe kujua.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa amekaribia au kupita miaka 30, umri ambao wengine kati yetu husema mwanamke ameshapitwa na wakati. Kwake ndio kwanza kulikuwa kunakucha.

Wakati huo taarabu ilikuwa mali ya wakubwa. Husimuliwa kuwa Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ganuni, ili apate kustarehe nyumbani kwake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimeendelea kuishi zaidi ya miaka mia moja. Waimbaji walikuwa wanaume na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa kawaida hawakuifahamu vyema. Mwanachama mmoja wa Ikhwani Safaa alimsikia binti huyu wa Fumba, akastaajabu, akajitolea kumfundisha. Siti alijifunza kuimba Kiarabu na kufuata udi na fidla. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila neno alilitia kichwani, kichwa kilekile kilichokuwa kikibeba vyungu.

Kisha akapata kundi lake mwenyewe. Wapigaji waliokuwa naye ni watu kama Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk. Sisi wa Mombasa tuna haki ya kujivunia huyu wa mwisho, kwa sababu asili yake ilikuwa ni hapa kwetu. Mbaruk alikuwa hodari wa muziki na pia alikuwa kipofu. Nimefikiri sana juu yake. Watu wa mji walikuwa wakimtazama Siti kisha wakatoa hukumu zao. Mbaruk alikaa karibu naye usiku baada ya usiku, akafuatisha kila pumzi yake, na sura yake hakupata kuiona hata siku moja. Naona kama kwamba yeye ndiye aliyemjua vizuri zaidi.

Ndipo jina nalo likabadilika. Watu waliacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti, maana yake bibi, mwanamke mwenye heshima. Jina lile la kwanza alipewa na dunia alipokuwa hana la kusema. Hili la pili alilichuma kwa kazi yake.

Lakini msidhani kwamba mji mzima ulimshangilia. Wivu ulizuka, na wivu ulipotafuta pa kumshika haukupata kosa katika uimbaji wake, basi ukamshika kwa sura na kwa asili. Walitunga wimbo wa kumdhihaki. Walimkumbusha kuwa alitoka shamba, kuwa alikuja mjini na kaniki, na kwamba lau si sauti asingepata hata chakula. Hebu fikiria. Mtu mzima, mwimbaji aliyekaribishwa hata katika jumba la Sultani, anapita njiani na watoto wanaimba wimbo wa kumcheka. Kejeli ya namna hiyo haikuachi unapofika nyumbani. Inalala nawe, inaamka nawe, inakaa nawe mbele ya kioo. Nasema hivi kwa sababu naijua.

Siti alifanya nini? Hakununua dawa ya kubadilisha uso, wala hakujificha. Aliwajibu kwa wimbo. Kwa maneno machache, alisema kuwa sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Wimbo wake wa kujibu umebaki mpaka leo. Wale waliomcheka, majina yao hayatajwi na mtu. Tunawakumbuka kwa sababu tu walimtukana yeye.

Mwaka 1928 jambo kubwa likatokea. Kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilitaka nyimbo za Kiswahili. Mwezi wa Machi mwaka huo Siti na wenzake walisafiri mpaka Bombay, mji wa India ambao sasa huitwa Mumbai, wakarekodi nyimbo zao. Anatajwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti yake katika santuri. Msichana aliyetembea kwa miguu kutoka Fumba alivuka Bahari ya Hindi kwa sababu watu walitaka kumsikia.

Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu. Zilichezwa Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, katika nyumba, migahawa na vibaraza. Na hapa pana jambo ambalo nyanya yangu alilitambua kabla yangu: santuri haina uso. Ukiiweka sindano, inayotoka ni sauti na maneno. Hakuna wa kuvutwa bega akatolewa mbele, na hakuna pazia. Watu wengi waliompenda Siti hawakupata kumwona abadani, wakamjua kwa kile alichokuwa nacho cha kuwapa.

Na alichowapa kilikuwa Kiswahili. Siti alijua kuimba Kiarabu, tena aliimba mbele ya wakubwa, lakini ndiye aliyeichukua taarabu akaiteremsha mpaka Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kazi na waliotoka utumwani, akaiimba kwa lugha yao. Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini pia aliimba habari za mji. Wimbo wake unaojulikana sana ni ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyechukuliwa ngomani na mwanamume akafanyiwa ukatili na kuuawa. Mwanamume mwenyewe alikimbia akavuka bahari. Wanawake wawili waliokuwa na marehemu, walipokwenda kutoa ushahidi, wao ndio waliogeuziwa hatia. Mambo kama hayo yalinong'onwa jikoni. Siti aliyatoa jikoni akayaweka kwenye santuri.

Nilipofika hapo katika masomo yangu ndipo nilipoona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikamana. Mwanamke akipimwa kwa sura peke yake, hakuna anayesubiri kusikia atasema nini. Akiwa mzuri atatazamwa, akiwa mbaya atachekwa, na katika hali zote mbili maneno yake yatapita kama upepo. Siti aliwalazimisha watu wasikilize kwanza.

Siti aliendelea kuimba, akazeeka, nguvu zikapungua. Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, akamsimulia habari zake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikiandika kitabu chake, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyosimulia maisha ya mwanamke. Miaka ya 1980 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizipeleka nyimbo za Siti nchi za mbali mpaka uzeeni, na mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za mzee wake. Jina la Mtumwa limebaki kitabuni, na jina la Siti wamerithi wajukuu.

Ningeweza kuikomesha makala hapa, na ingekuwa hadithi nzuri. Lakini kuna jambo lililonikosesha usingizi, na nikilificha nitakuwa sijawatendea haki.

Nilipomaliza kusoma kitabu nilimsimulia rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Yeye pia ni mweusi kama mimi, na ameitwa majina mengi kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, je, asiyekuwa na sauti afanye nini? Alisema yeye hajui kuimba, hesabu zinamshinda, na kwenye riadha hushika mkia. Kama msichana mweusi ni lazima awe na kipaji cha ajabu ndipo aonekane kuwa mtu, basi yeye Siti hamsaidii kitu. Nikakosa la kumjibu. Kengele ikalia tukaingia darasani.

Nililifikiri swali hilo njia nzima ya kurudi Kiembeni, na siku kadhaa baadaye. Nikaona kuwa ndilo swali walilouliza maadui wa Siti kwa kejeli, kwamba lau si sauti angekuwa nani. Nikarudi kusoma jibu lake na safari hii nikaliona vingine. Siti hakuwajibu kwamba sauti yake inashinda sura zao. Angeweza kusema hivyo, na ingekuwa kweli. Alisema kinachompunguza mtu ni kukosa akili, na akili hapa nadhani ni ule utu na busara ambao kila mmoja aweza kuwa nao, mwenye sauti na asiye na sauti. Kule Fumba walikuwako wafinyanzi wengine, wanawake waliobeba vyungu kama yeye na hawakujua kuimba. Hatuyajui majina yao. Lakini vyungu vyao vilipikiwa, watu wakashiba. Wao pia hawakuwa watumwa wa kuchekwa, na wao pia walistahili kuitwa Siti. Hata kichwa cha makala hii, nilichokichagua mwenyewe, naona kina upungufu, ila sikupata kingine.

Hilo ndilo jibu nililompelekea rafiki yangu. Hakusema amekubali. Alisema atalifikiri.

Wanafunzi wenzangu, sisemi kwamba kujipamba ni kosa. Pwani yetu ina hina, wanja, liwa na singo, na mtu akijipaka kwa kuupenda mwili wake anaupa haki yake. Mkorogo ni kitu kingine kabisa. Mwenye kuupaka anautoza mwili wake faini kwa kosa ambalo haukulifanya. Walimu wetu wa sayansi watawaeleza kuwa baadhi ya vipodozi hivyo vina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi ikaharibu figo, na vingine vina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Kenya, lakini vinauzwa kwa kificho, tena karibu na tunapopita. Siku hizi simu nazo zinasafisha uso wa mtu pichani bila hata kuombwa, mpaka msichana anaanza kuuonea haya ule uso wake wa kweli.

Nina ombi moja kwenu na kukiri kumoja. Ombi ni kuhusu majina. Katika shule yetu kuna msichana anayeitwa Makaa, mwingine Usiku, na mwingine, kwa wembamba wake, anaitwa Njiti. Aliyeanzisha pengine alitaka kuchekesha tu. Lakini nimekwambieni habari za mtoto aliyeitwa Mtumwa, na kwamba ilimchukua zaidi ya miaka 30 kulivua jina hilo. Si kila mmoja atapata Bombay ya kwenda kulitupa. Kukiri kwangu ni kwamba yule anayeitwa Usiku, mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka siku ya kwanza. Nilicheka kwa sababu siku hiyo jina lilimwangukia mwenzangu, likaniacha mimi. Nimemwendea nikamwomba msamaha. Namwomba tena hapa mbele yenu.

Chini ya sikio langu la kushoto pana alama, pamekuwa peusi zaidi kuliko pale mwanzo. Daktari alisema huenda ikapungua na huenda isiondoke. Zamani nilikuwa nikiifunika. Siku hizi huisahau, ila jua likiwa kali huwasha kidogo, ndipo hukumbuka.

Mwezi ujao kuna harusi nyingine mtaani na tumeombwa tena tuimbe. Nimekwisha kuwaambia wenye shughuli, kwa heshima zote, kwamba nitaimba nikiwa mbele au sitaimba. Bado hawajanijibu. Kalamu yangu naitua hapa.